Mguu Namba Thelathini na Nane

Dakika moja alikuwa angani. Ubao umeinuka juu ya maji kimo cha goti, tanga limeshiba upepo, kelele za mawimbi zimekatika, na Fundi akajiona mtu mwenye maana duniani. Dakika iliyofuata akajaribu kugeuka. Mguu wa kulia ukaenda kwake, wa kushoto ukaenda kwake, na mwenye miguu akaenda kwingine kabisa.

Chubwi!

"Shemeji!" Sauti ilimpokea alipoibuka, puani maji, masikioni maji, hadi heshima imelowa. "Hivi wewe unabadilisha miguu au unaua mende?"

Aliyeuliza ni mdogo wa mkewe, amekaa kwenye kiboti chake cha injini na miguu ameiweka juu, kama mtu anayetazama sinema ya bure. Yeye ndiye mwalimu wa mbao za tanga pale ziwani: mabega mapana, macho makali, mdomo hauna breki.

"Nimeteleza," Fundi akasema.

"Hujateleza. Umekanyaga. Ubao huu haukanyagwi, shemeji. Unaombwa."

Na kweli, si ubao wa kuchezea. Zile mbao za zamani zililala juu ya maji zikateleza kistaarabu. Hizi za sasa zina nguzo ndefu ya chuma chini ya tumbo, na mwisho wa nguzo kuna mabawa mawili makali yanayokaa ndani ya maji. Ukishika kasi, mabawa yanauinua ubao mzima na wewe juu yake, unapaa kimya kimya. Kwenda mbele hata aliyelewa anaweza. Shughuli ipo kwenye kugeuka. Hapo mguu wa nyuma unatakiwa uje mbele na wa mbele urudi nyuma, huku ubao uko hewani unayumba kama kiti cha miguu mitatu. Ukikandamiza nyuma, pua inaruka juu, mabawa yanatoka majini na unaporomoka. Ukikandamiza mbele, pua inachoma maji na wewe unatangulia. Fundi alikuwa amezijaribu njia zote mbili, kwa miezi kumi na moja, bila upendeleo.

Pale ziwani hakuna aliyemwita Fundi. Walimwita Chubwi.

Alipouvuta ubao ufukweni, aligundua mkanda wa mguu umeng'oka upande mmoja, unaning'inia kama ulimi wa kiatu cha mzururaji.

"Nitakwenda nao dukani nikaushone," akasema.

Mwalimu akashtuka kidogo. "Dukani? Uache hapa bandani kwangu kama siku zote, nitaushona mimi."

"Wewe ushone? Shemeji, hata kifungo cha blauzi yako umekifunga kwa waya."

Mwalimu akajitazama kifuani, akakifunika kifungo kwa kiganja. Kisha akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo haikuwa yake: "Keshokutwa Jumamosi, unajua."

"Najua."

"Dada hatanii."

"Najua kama hatanii. Nimemwoa mimi."

Mkewe Fundi alikuwa mkunga katika hospitali ya mji, wodi ya wazazi. Miezi miwili nyuma Fundi alirudi nyumbani kidevu kimepasuliwa na bawa la ubao, damu imefika hadi kwenye soksi. Mkunga alimkalisha kwenye kiti cha jikoni, akamshona nyuzi saba bila kusema neno. Alipomaliza ndipo akafungua mdomo.

"Baba Pacha, mimi nashona akina mama waliotoka kuleta mtu duniani. Wewe umeleta nini?"

Pacha wenyewe, waliokuwa shule ya bweni, walipopigiwa simu walicheka mpaka muda wa maongezi ukaisha. Lakini Mkunga hakucheka. Aliweka sharti, akaliweka mbele ya mdogo wake awe shahidi. Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, mbele ya macho yake mwenyewe, Fundi atapewa nafasi mbili. Akigeuka mara moja tu bila kuanguka, ubao ni wake na hatasikia neno tena. Akianguka zote mbili, ubao unaondoka mikononi mwake, na yeye anarudi kwenye kigoda chake.

Kigoda hicho ndicho kilichomuuma. Fundi alikuwa fundi viatu. Miaka ishirini na sita alikuwa amekaa kimo cha sungura, shingo imepinda, akitazama miguu ya watu. Aliwajua watu wa mtaa kwa visigino vyao. Meneja wa benki alimjua kwa sugu, mwalimu mkuu kwa kidole kilichopanda juu ya mwenzake, lakini sura zao akikutana nazo sokoni alizipita kama mgeni. Siku ya kwanza ubao ulipomwinua juu ya ziwa alipiga ukelele. Si wa furaha. Ulikuwa wa mshtuko. Alikuwa hajui kama yeye ni mrefu.

Ndiyo maana alipokuwa akianguka, hakukata tamaa. Alifanya kile anachofanya fundi viatu yeyote mwenye akili zake: alitengeneza kiatu. Alishona jozi ya mpira mweusi, imara, soli yenye meno. Akaanguka. Akasema soli haishiki, akaongeza ya pili. Akaanguka vizuri zaidi. Akaongeza ya tatu, akainua kisigino kidogo, kwa sababu wateja wake wote wenye matatizo ya kusimama aliwatibu kwa kuinua kisigino. Kufikia mwezi wa kumi na moja, soli zilikuwa tano. Akivivaa anatembea ufukweni kama mtu anayevuka tope ambalo wengine hawalioni. Juu ya mlango wa duka lake kulikuwa na kibao alichokiandika kwa mkono wake: MGUU BILA KIATU NI NYUMBA BILA MSINGI. Nani angethubutu kumwambia mtu wa namna hiyo kitu?

Ijumaa mchana aliufungua ubao kutoka kwenye mfuko wake, akaulaza juu ya meza ya kazi, akawasha taa. Juu ya ubao, pale pa kusimama, watengenezaji walikuwa wamebandika sponji ngumu ya kijivu ili mguu usiteleze. Aliifuta chumvi ya jasho na matope kwa kitambaa chenye sabuni, akaikausha, akachukua msharasi atoboe tundu la mkanda.

Msharasi ukasimama hewani.

Sponji ni kama soli ya ndani ya kiatu. Inatunza kumbukumbu. Fundi aliziona kwanza alama zake mwenyewe, nazo zilimtia aibu: mashimo mawili pembeni kabisa mwa ubao, yamechimbwa kwa kisigino, utadhani nguruwe alikuwa anatafuta mihogo. Lakini katikati, mahali ambapo viatu vyake havikuwahi kufika hata kwa bahati mbaya, sponji ilikuwa inang'aa. Imelainishwa taratibu, tena na tena, na mguu mtupu.

Mtu mwingine alikuwa akipanda ubao wake.

Akainamisha taa. Mguu mdogo. Mwembamba katikati. Kidole cha pili kimekizidi kidole gumba kwa upana wa punje ya mahindi. Kisigino cha kushoto, pale kilipogusa kidogo sana, kimeegemea nje.

Alichukua chaki akauzungushia mguu ule mstari. Kisha akaenda kwenye rafu ya nyuma, zilikopangwa kalibu, ile miguu ya mbao ambayo fundi huvalisha ngozi. Mkono ulikwenda wenyewe. Aliirudisha kalibu moja mezani, akaiweka juu ya chaki.

Ikakaa kama kifuniko juu ya sufuria yake.

Namba thelathini na nane. Kalibu aliyoichonga mwenyewe mwaka aliooa.

"La," akasema kwa sauti. "La, la, la."

Mkewe? Yule anayesema maji yakizidi ndoo moja hayamhusu? Yule ambaye walipokwenda ziwani mwaka juzi alikaa ndani ya gari na madirisha amefunga? Fundi aliinua kalibu, akaiweka tena. Ikakaa tena. Akaigeuza upande wa pili, pengine chaki ina makosa. Chaki haikuwa na makosa. Akakaa kwenye kigoda, akakikosa, akakaa sakafuni.

Pale sakafuni mambo yakaanza kumjia moja baada ya jingine, kama wadai. Zamu za usiku zilizokuwa zikiisha saa kumi na mbili asubuhi, na mke anafika nyumbani saa nne. "Kuna mtoto aligoma kutoka," angesema, na Fundi angesikitika kwamba watoto wa siku hizi wamekuwa wavivu hata wa kuzaliwa. Nywele zilizolowa. "Bafu la wodini." Mwalimu aliyetaka kushona mkanda, yeye asiyejua kushika sindano. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wazee. Fundi aliona wamekosea. Chake kilikuwa viatuni, na viatu vyenyewe kavitengeneza yeye.

Lakini lililomgonga zaidi ni hili: kama yeye mwenyewe anaupanda, kwa nini anataka uondoke? Na ukiondoka, unakwenda kwa nani?

Akainuka kwa hasira ya kupasua kitu. Hakupasua. Ufundi ni ugonjwa. Ukikuingia huwezi kutazama kazi nzuri ukaacha kuikagua. Akachukua kioo cha kukuzia.

Sponji ile, kama ngozi ya swedi, hulala kuelekea upande mguu ulikotelezea. Kwa hiyo ilisomeka. Mguu wa nyuma ulitoka kwenye mkanda wake mapema, kabla ya jambo lolote. Ulivuka ukakaa upande wa pili, karibu na mstari wa katikati, ukasubiri hapo. Kusubiri kulionekana: doa la mviringo, la uzito uliotulia. Kisha ulisogea mbele hadi ukagusana na kisigino cha mwenzake. Miguu miwili, bega kwa bega, katikati ya ubao, kama watu wanaopishana kwenye ukumbi mwembamba. Hapo ndipo wa mbele uliporudi nyuma. Kote huko, visigino havikukandamiza. Alitembelea vidole.

Mwenda pole hajikwai. Fundi aliujua mwendo ule. Alikuwa ameusikia, au tuseme hakuusikia, kila alfajiri kwa miaka kumi na tisa: mtu anayeingia chumbani bila kumwamsha aliyelala. Ni mwendo wa wodi yenye vitanda thelathini na vichanga thelathini, ambako ukikanyaga vibaya kimoja kinalia na ishirini na tisa vinakiunga mkono.

Akavitazama viatu vyake vya soli tano, vimesimama pembeni mwa meza kama mashahidi wa uongo. Akaviweka katikati ya ubao, kimoja kando ya mwenzake, juu ya alama za mkewe. Havikuenea. Viligongana kabla ya kufika. Ndiyo maana miguu yake ilikuwa ikitanuka kwenda pembeni: haikuwa na mahali pa kupishana. Na kwa unene ule, ubao ungeanza kuinuka na kumwita, na yeye juu huko hasikii kitu, mpaka umeshamtupa.

Kila soli aliyoongeza ilikuwa imemwongezea anguko. Miezi kumi na moja!

Akashusha ubao sakafuni juu ya magunia ya vipande vya ngozi, ili uyumbe. Akafunga nusu ya mlango. Akavua viatu, akavua soksi, akapandisha suruali. Akapanda, akaweka miguu yake ya namba arobaini na mbili juu ya alama za mke wake, mikono ameinyosha mbele kama ameshika tanga.

Toa. Vuka. Subiri. Sogeza. Pishana.

"Fundi," sauti ikasema mlangoni, "hiyo ni ngoma ya wapi?"

Alikuwa tarishi wa posta, amekuja kuchukua viatu vyake.

"Napima," Fundi akajibu, mikono bado hewani.

"Unapima nini?"

"Napima... sakafu."

Tarishi akamtazama miguuni. Mwaka wa tisa huu anakuja duka lile, hakuwahi kuiona miguu ya Fundi. Akachukua viatu vyake taratibu, akarudi nyuma hatua kwa hatua. "Upumzike, ndugu yangu," akasema kwa huruma. "Kazi haziishi."

Jioni ile, mkanda umeshashonwa, walikaa mezani wawili. Fundi alijifanya amedondosha kijiko, akainama, akatazama. Chini ya meza, miguu ya mkewe ilikuwa imepumzika mmoja juu ya mwingine. Ngozi ya chini ya vidole imekuwa laini, inang'aa. Ushahidi kamili. Alikuwa ameitengenezea viatu miguu hiyo miaka yote, asione.

"Umepoteza nini huko?" Mkunga akauliza.

"Kijiko."

"Kijiko ninacho mimi mkononi. Chako kiko kwenye sahani."

Fundi akainuka, uso umemwiva. Mkunga akamwekea kiganja kwenye paji la uso, mkono mpole wa kazini. "Una homa, Baba Pacha? Kama ni ya kesho, sema tu. Hakuna atakayekucheka."

Angesema pale pale. Lakini wapi! Angeanzaje? Eti nimekuona kwenye sponji? Na akisema naye akajibu kwamba ndiyo, nautaka, uwe wangu, kesho itabaki ya nini? Akajikaza kisabuni, akanywa maji, akalala macho wazi.

Jumamosi upepo ulikuja mzuri, wa kujaza tanga bila kulitesa. Mkunga alikuwa amesimama ufukweni kwenye mchanga mkavu, mbali na maji, mkoba kwapani, kama mtu anayesubiri basi. Mwalimu alikuwa kwenye kiboti. Fundi alivaa boya la kifuani, akavaa kofia ngumu, akafunga kamba ya kidevuni juu ya kovu la nyuzi saba. Kisha akakaa chini, akavua viatu vya soli tano, akavipanga vizuri mchangani.

Fundi aliona kwa jicho la pembeni dada mtu na mdogo mtu wakitazamana. Mwalimu alitikisa kichwa haraka haraka: si mimi, sijasema kitu.

"Unakwenda pekupeku?" Mkunga akauliza. Sauti ilikuwa imepanda kidogo.

"Leo joto," Fundi akasema, akasukuma ubao majini.

Lo! Mshtuko alioupata alipopanda. Ubao ulikuwa hai! Chini ya nyayo zake ulitetemeka, ulipumua, uliinuka upande mmoja ukashuka mwingine, na kila neno aliambiwa kabla halijatokea. Miezi kumi na moja ubao umekuwa ukizungumza naye, na yeye ameziba masikio kwa raba! Ukapaa. Akaenda mita mia mbili, akaelekeza pua kule upepo unakokwenda. Toa. Vuka. Subiri. Akainamisha macho ahakikishe mguu umekaa juu ya alama.

Chubwi!

"Macho, shemeji!" Mwalimu akapiga kelele. "Ubao unakwenda unakotazama! Ukitazama miguu unakwenda miguuni!"

Mazoea yana taabu. Mtu ametazama miguu miaka ishirini na sita, unamwambia asitazame yake siku moja. Fundi aliibuka akakohoa. Imebaki nafasi moja. Kule ufukweni alimwona mkewe amesogea. Mkoba uko mchangani. Maji yanamfika kwenye vifundo vya miguu.

Akapanda tena. Ubao ukainuka. Alielekeza pua, akatoa mguu wa nyuma kwenye mkanda, akauvusha, na macho yakaanza kushuka yenyewe kama ndoo kisimani.

"MBELE!" Sauti ilikuja kutoka nchi kavu ikapita juu ya ziwa lote. "Tazama mbele! Nitazame mimi!"

Akainua macho. Mkunga alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, sketi imelowa, mikono miwili ameiinua.

"Usisukume! Usisukume bado! Pumua... taratibu... usisukume nasema!"

Ilikuwa sauti ya wodini. Fundi alikuwa ameisikia mara moja tu maishani, nyuma ya mlango uliofungwa, kwa mkunga mwingine, siku walipozaliwa pacha. Hakuna binadamu anayeipinga sauti ile. Alisubiri. Ubao ukageuka chini yake, mpole, upepo ukamjia mgongoni.

"Haya sasa! Lete mguu! Leteee!"

Akaleta. Miguu ikagusana, ikapishana. Kitu cha ajabu ni kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna kuruka, hakuna kuporomoka. Tanga likazunguka, likapata upepo wa upande wa pili, likajaa. Na Fundi bado yuko juu. Alisubiri kuanguka. Mwili wake uliozoea ukakunja mabega ujiandae kwa maji, na maji hayakuja. Alikuwa anarudi ufukweni, angani, mdomo wazi, macho yamemtoka kama samaki aliyeambiwa anaweza kutembea.

Mwalimu alikuwa amesimama kwenye kiboti, mikono kichwani. "Amegeuka!" akapiga kelele. "Jamani, Chubwi amegeuka!"

Fundi alishuka kwenye maji ya magoti. Mume na mke wakasimama wanatazamana, ubao katikati yao unaelea. Wote walikuwa wanahema.

"Hongera," Mkunga akasema. "Ubao ni wako." Halafu, akijifanya anakamua sketi: "Nani kakufundisha kuvua viatu?"

"Wewe."

"Mimi nimekwambia saa ngapi?"

Fundi akanyosha kidole kwenye sponji, pale katikati panapong'aa. "Thelathini na nane. Kidole cha pili kimezidi. Cha kushoto kinaegemea nje."

Mkunga akaitazama sponji. Yeye aliyezoea kupokea watu wapya duniani wakiwa wametanguliza miguu, na asishtuke, alifungua mdomo ukakataa kufunga. Alimgeukia mdogo wake. Mdogo wake alikuwa ghafla ana kazi nyingi sana na injini.

"Tangu lini?" Fundi akauliza.

"Mwezi wa nne huu." Sauti ilikuwa ndogo. "Nilikuja kumwambia huyu aache kukufundisha kabla hujafa. Akasema, dada, panda uone kwanza. Nikapanda kwa hasira."

"Halafu?"

"Siku ya tatu nikageuka."

"Siku ya tatu!" Fundi alishika mlingoti asianguke. Miezi kumi na moja ilimpita mbele ya macho, kila mwezi na majeraha yake. "Mama Pacha, siku ya tatu?"

"Sasa ningekuambiaje? Unarudi nyumbani umevimba, unaniambia leo nimeongeza soli. Nitakwambiaje, fundi viatu mzima, kwamba tatizo ni viatu? Nilimwambia huyu akwambie. Akaogopa."

"Nina haki ya kuogopa," Mwalimu akasema kutoka kwenye injini. "Mmekisoma kile kibao chake?"

"Na ningeanguka leo? Ubao ungekwenda wapi?"

Mkunga alitazama maji, akatazama ubao, akauwekea mkono kama anavyouweka mgongoni mwa kichanga. "Kidevu chako nilikishona mimi," akasema. "Niliapa hutakufa juu ya kitu hiki. Hiyo ni kweli." Akauvuta ubao kidogo kwake. "Na niliutaka. Hiyo pia kweli. Nikitoka zamu, masikio yamejaa vilio vya watu... kule juu hakuna anayelia. Huyu alikuwa ameniahidi kuendelea kuuhifadhi bandani kwake. Nilikuwa nimeshauhesabu kuwa wangu, Baba Pacha. Mpaka ulipovua viatu."

"Na bado ukanipigia kelele nigeuke."

"Sijui ilitokaje. Nilikuona unakosea tu, mdomo ukafunguka."

Fundi alisimama akitiririka maji. Alikuwa ameshinda. Alichokishinda kilikuwa mkononi mwake, na mkono wa mkewe ulikuwa bado uko juu yake, haujaondoka. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtu anaweza kushinda kitu akajisikia mwizi.

Akavua boya la kifuani, akamvisha. Akafungua kofia, akamwekea kichwani juu ya kitambaa, akamfunga kamba.

"Asubuhi ni zako," akasema. "Jioni zangu. Jumamosi tutapigana. Panda nione."

"Na sketi hii?"

"Asubuhi unapandaga na nini?"

Mkunga akacheka kwa aibu, akakunja sketi, akaifunga kiunoni. Chini alikuwa amevaa suruali ya kubana ya mazoezi. Fundi akashtuka upya. Alikuwa amekuja tayari!

Alipanda kama anayepanda ngazi za kwao. Tanga likanyanyuka, ubao ukapaa, na mwanamke wa ndoo moja ya maji akaondoka, mgongo umenyooka, mpaka akawa mdogo. Fundi hakujua kama amepumua. Aliona pua ikigeuka. Aliona mguu ukitoka, ukivuka, ukisubiri. Akainama mbele ili aone vizuri zaidi, mikono magotini, kama anavyoinama dukani.

Na Mkunga, ambaye kwa miezi minne hakuwa amewahi kutazamwa na mumewe akigeuka, akatupa jicho ufukweni aone kama anatazamwa.

Chubwi!

Lilikuwa anguko kubwa, la heshima, maji yalipanda kimo cha tanga. Mwalimu alitoa yowe. Fundi hakujua alivyoingia majini. Alijikuta yumo mpaka kifuani, shati limejaa hewa mgongoni kama kibofu, anapiga makasia kwa mikono, anamwita Mama Pacha, anawaita pacha wenyewe, anaita kila mtu.

Kichwa kikaibuka. Kofia imekaa upande. Mkunga akatema maji, akapangusa macho, akamwona.

"Nini?" akafoka. "Unashangaa nini? Wewe mtazama miguu! Nilikuwa nimeshamaliza kupishana, wewe ukainama!"

"Umeumia?"

"Nimeumia roho! Usinitazame miguu tena nikiwa kazini!" Alikuwa ameshaushika ubao, anaugeuza uelekee upepo. "Sogea huko nyuma, unanizibia. Sogea, Baba Pacha! Naenda tena."